Kofia Mbili za Karatasi

Wanangu, vidole vyangu siku hizi vinakunja nguo tu, tena kwa kunung'unika. Asubuhi vinaamka vimekakamaa, nami huviloweka kwenye maji ya uvuguvugu kabla sijaweza kushika kikombe. Ndiyo maana nimeacha kazi ya kadi za karatasi. Sikuiacha kwa kuichoka, wala sikuiacha kwa sababu ya simu zenu, ingawa najua wengi wenu mnaamini hivyo. Simu zilipunguza wateja, hilo kweli. Mtu akiweza kutuma kadi ya Iddi kwa kila anayemjua huku anakunywa chai, kwa nini aje Makorora kuningojea nikunje? Lakini wapo waliokuja mpaka siku ya mwisho, na wangali wanakuja. Nawaonyesha vidole, wananipa pole, wanakwenda zao.

Haya nayaandika kwa ajili yenu mliosema mnataka kuanza kazi hii. Mmeniletea kadi zenu nizione, nami nimeziona. Ni nzuri, na baadhi zinazishinda zangu za umri wenu. Ila zote zinaruka. Mtu akifungua, ua linamrukia usoni, kipepeo anamrukia, moyo mwekundu unamrukia. Nataka niwasimulie kadi isiyoruka, lakini nikianza nayo hamtanielewa, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mimi Foibe ni mtoto wa mkata mkonge. Baba alishuka pwani kutoka bara kutafuta kazi mashambani, akaja na Biblia yake, panga lake na mama yangu. Kukunja karatasi hakukuwa katika ukoo wetu. Nilifundishwa na Bi Zuwena, Mungu amrehemu, mama wa Kiarabu ambaye mababu zake walitoka Omani wakamiliki minazi hata wakasahau idadi yake. Yeye alirithi meza moja nzuri ya mninga, na juu ya meza hiyo ndipo tulipofanyia kazi. Alikuwa na maneno makali na mkono mwepesi. Ukikosea alikuwa haupigi mkono wako, alikuwa anaunyang'anya karatasi.

Hakuanza kunifundisha kukunja. Alianza kunifundisha kunawa. Mkono wenye jasho haukunji, alikuwa akisema, unafinyanga. Nilinawa mpaka nikadhani ananidhihaki. Baada ya hapo akanifundisha mkondo. Karatasi ina mkondo kama ubao. Ishike, ipinde kidogo bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande mmoja utakubali, mwingine utabisha. Mkunjo mkuu wa kadi ufuate upande unaokubali. Ukilazimisha ule unaobisha, karatasi itachanika mgongoni, itoe nywelenywele, na hakuna gundi itakayokuficha. Nimeona kadi zenu mbili zimeota nywele mgongoni. Mnajijua.

Masika yakiingia, msiache karatasi mezani. Hewa ya Tanga miezi ile ni maji matupu, na karatasi huinywa. Sisi tuliiweka ndani ya debe lenye mfuniko pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa mkavu. Mchele ukianza kulainika, unakaanga tena. Msiule.

Na gundi. Mwaka mmoja nilijitia ujanja. Gundi ya dukani ilikuwa inanuka, nikaamua kupika yangu kwa unga wa muhogo. Kadi za Krismasi zikatoka safi, kila moja na nyota ya mikunjo katikati, nikazipanga sandukuni nikiwa na furaha ya mtu mjinga. Tulipofungua sanduku, mende walikuwa wameshasherehekea kabla yetu. Nyota zote zilikuwa na matundu. Bi Zuwena alichukua moja, akaiinua dirishani, akaichungulia.

"Foibe," akasema, "sasa ndiyo imekuwa nyota. Yapitisha mwanga."

Kisha akaniambia nianze upya. Ukipika ya muhogo, saga shabu kidogo, lile jiwe la kusafishia maji, uchanganye humo. Mende hawaipendi.

Kadi iliyotupatia jina ilikuwa ya kikuba. Mnakijua kikuba, kile kifungu cha asumini na mrehani ambacho wanawake wa hapa hubandika kifuani wakiwa wanakwenda harusini, au jioni wakimngojea mume. Bi Zuwena alikitengeneza kwa karatasi nyeupe na kijani, petali moja moja, na katikati akatia tone la marashi. Ukifungua kadi, kikuba kinainuka chenyewe na harufu inakuja. Maharusi waliigombania, wa msikitini na wa kanisani. Mimi nilijifunza kuikunja hata nikiwa naongea na wateja, na hapo ndipo hatari ilipo katika kazi yoyote. Mkono ukishajua, hauulizi tena.

Sasa nifike nilikotaka kufika.

Ilikuwa mwishoni mwa mvua. Mwanamume mmoja alibisha hodi, amejiegemeza kwenye fimbo, mguu mmoja anauburuta. Alimwamkia Bi Zuwena shikamoo, akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa, kwa jinsi mguu ulivyokuwa ukimuuma.

"Nataka kadi, mama. Ya pole."

"Ya nani, mwanangu?"

"Ya Bi Mwanaidi. Mke wa marehemu Hamisi."

Bi Mwanaidi tulimjua, nyumba yake iko mtaa wa pili kutoka kwetu. Mumewe alikuwa amekufa katika ajali ya lori la machungwa, barabara ya kutoka Muheza. Tulikwenda msibani sote wawili. Na huyu mwenye fimbo tulimtambua palepale kwa mguu ule, maana habari zake tulizisikia msibani, ingawa hatukuwahi kumwona. Alikuwa Barnaba, dereva wa lile lori, mtu wa Amani, kule milimani. Hamisi alikuwa mwenzake wa kazi tangu wangali vijana.

Mimi nikavuta karatasi nyeupe. Nilikumbuka kwamba Bi Mwanaidi alikuwa mpenzi wa asumini, hakukosa kununua kila alipopita sokoni. Nikaanza kukata petali. Nilikuwa nimefika ya tatu pale Bi Zuwena alipoweka kiganja chake juu ya karatasi yangu.

"Wafanya nini?"

"Kikuba, Bi Zuwena."

"Huyu yuko eda. Hatii manukato, hajipambi, mpaka miezi yake iishe. Nanyi kwenu mwapeleka maua makaburini, nalijua hilo, wala si vibaya. Kwetu kikuba ni cha mke na mumewe. Ukimpelekea leo umemwambia akivae. Akivae kwa nani?"

Nikaweka mkasi chini.

"Hata mimi ningekosea, dada," Barnaba akaniambia. "Nilikuja na wazo la maua."

Bi Zuwena akasogeza kiti chake karibu naye. "Wataka kumwambia nini?"

Barnaba aliisugua fimbo kwa kidole gumba. Kisha akatueleza. Jioni ile mvua ilikuwa kubwa. Hamisi alisema walale Muheza, waondoke asubuhi, hata akampigia mkewe simu kumwambia asimngojee. Barnaba ndiye aliyekataa. Alisema mzigo umeshapakiwa, machungwa yataharibika.

"Alinitazama tu, mama. Akapanda. Breki zikakataa mteremkoni. Nilipozinduka hospitalini walikuwa wameshamzika. Sikumtia hata mchanga. Nimekwenda pale nyumbani kwake, nikaambiwa yuko eda, haonani na wanaume wa nje. Ni dini yao, naiheshimu. Na simu siwezi, nikipiga nitaanzia wapi? Nataka kujua kama amenisamehe. Kama hajanisamehe, basi nalo nilijue."

"Kadi haiulizi hivyo," Bi Zuwena akamwambia, kwa upole ambao mimi sikuwahi kuusikia kwake. "Mwenye msiba haulizwi. Anapelekewa. Akitaka atajibu, asipotaka ndiyo basi. Waweza hilo?"

Barnaba akaitika kwa kichwa. Nilimwona hawezi, ila hakuwa na pengine pa kwenda.

Wanangu, hapa sikilizeni vizuri. Kadi ya furaha hujifungua yenyewe, na raha yake iko hapo. Kadi ya majonzi haimrukii mtu. Inakaa imefungwa, ikingoja mkono wa mwenyewe. Na msianze kwa kufikiria kipi kinapendeza. Bi Zuwena alianza kwa kuuliza.

"Mkiwa kazini, Hamisi alikuwa akifanya nini kwa mikono yake?"

"Kupakia, mama. Kufunga kamba." Akafikiri. "Na kofia. Siku za kupakia, jua likiwa kali, alikuwa anachukua gazeti anakunja kofia mbili, yake na yangu. Mimi sijui kukunja, mpaka leo. Alikuwa akinicheka, anasema mtu mzima mimi navikwa kofia kama mtoto wa chekechea. Mkewe anajua. Siku nyingine alisahau kuivua, akafika nayo nyumbani."

Bi Zuwena akanigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Barnaba alitaka kofia moja. Alisema ya Hamisi peke yake inatosha, yeye hana haki ya kuwekwa hapo. Bi Zuwena alikataa. Alimwambia mtu aliyebaki peke yake usimpelekee kitu kimoja, tena hizo kofia zilikunjwa mbili tangu mwanzo, na si yeye Barnaba wa kumpunguzia Hamisi hesabu yake. Mimi nilikuwa upande wa Barnaba.

Gazeti halikufaa. Likikatwa dogo linachanika, na huwezi kujua vipande vya habari vitasema nini, unaweza kumpelekea mjane nusu ya tangazo la harusi. Tulitumia karatasi ya kaki, ile ya bahasha, bila rangi wala maandishi. Nilikunja kofia mbili ndogo, ndefu kama kidole gumba, nikazilaza bapa zikiwa zimefungwa, bega kwa bega, ndani ya kadi ya manila isiyo na pambo lolote. Nilipotaka kupaka gundi, Bi Zuwena akanizuia tena.

"Nukta moja tu ukingoni, ndogo. Huenda akataka kuishika mkononi."

Barnaba akaomba kalamu aandike jina lake. Bi Zuwena akamwambia kofia zinatosha. Kesho yake aliipeleka mwenyewe, kwa kuwa ni mwanamke na alikuwa na ruhusa ya kuingia. Aliporudi nilimkimbilia mlangoni.

"Ameipokea. Hakuifungua mbele yangu."

Basi tukangoja. Kila Barnaba alipokuja mjini kliniki kuonyesha mguu, alipitia kwetu. Hakuwa akiuliza mara moja, alikuwa akikaa kwenye kigoda kile, anatutazama tunavyokunja, na kabla ya kuondoka anasema, "Hakuna neno?" Tunamjibu hakuna. Siku moja hakuja tena. Tulisikia amerudi kwao Amani, mguu umepata nafuu lakini hapandi gari, hashuki hata kwenda sokoni, kutwa amekaa barazani, na shamba la iliki analihangaikia mkewe peke yake.

Nilimkasirikia Bi Mwanaidi, siwafichi. Niliona mtu anayeyuka kwa kukosa neno moja, na mwenye hilo neno yuko mtaa wa pili. Nikamwambia Bi Zuwena aende akamsemeze. Akanikemea.

"Kadi ukishaitoa si yako, Foibe. Wala machozi yake si yako. Kunja."

Nikakunja. Nilikunja vibaya miezi ile.

Bi Mwanaidi alipomaliza eda hakuja haraka. Alikuja baadaye, asubuhi, amejitanda kanga mpya, na nguo zake zinanukia udi kwa mbali. Alitusalimu, akakaa kwenye kigoda kilekile, akatoa kadi chini ya kanga na kuiweka mezani. Pembe zilikuwa zimechakaa kwa kushikwa.

"Nilijua ni yeye aliyetaka waondoke," akasema. "Hamisi aliponipigia aliniambia walala Muheza. Kwa hiyo nilijua. Mlipoileta hii niliigeuzia ukutani. Nikasema huyu simsamehe, na dhambi yake akifa nayo afe nayo."

Akaivuta kadi karibu yake.

"Na siku nyingine bado nnasema hivyo, Bi Zuwena, sitakudanganya. Naamka asubuhi nimeshakasirika. Lakini Hamisi hakuwa gunia la machungwa. Alipanda kwa miguu yake mwenyewe. Namjua, alimtazama mwenziwe, akaona hawezi kumwacha aende peke yake kwenye mvua ile, akapanda. Nikimlaumu Barnaba kwa yote, nitakuwa nimemfanya mume wangu mtu asiye na akili yake."

Akaifungua kadi. Akaingiza ukucha chini ya kofia moja, na ile nukta ya gundi ikaachia bila kuchana kitu. Kofia ya pili akaiacha pale pale, akafunga kadi, akairudisha chini ya kanga. Ile moja akaisukuma mezani mpaka mbele yangu.

"Mpelekee ya kwake. Mwambie jua la Muheza bado kali."

"Niseme umemsamehe?" nikauliza.

"Sema nilivyosema."

Nilipanda basi mpaka Muheza, na pale nikapata gari la kunipandisha Amani. Kofia nilikuwa nimeiweka ndani ya kopo la vibanio ili isibonyee, na njia nzima nilikuwa nikiufungua mfuniko kuiangalia. Niliogopa. Nilifikiri, hivi mtu anaweza kuhukumiwa na kuachiliwa kwa maneno matano? Na kama hatayaelewa?

Nilimkuta barazani kwake, iliki imeanikwa kwenye jamvi mbele yake, na yeye anaitazama tu. Amekonda. Mkewe alinikaribisha, akaniletea maji. Nilimpa Barnaba kofia mkononi. Ilikaa katikati ya kiganja chake, nayo ni kiganja kikubwa cha mpakiaji.

"Amesema nini?"

"Amesema nikwambie jua la Muheza bado kali."

Niliogopa bure. Alielewa kabla sijamaliza. Akaziba uso kwa mkono wa pili na kulia, kilio cha mtu mzima, kisicho na sauti, mabega tu yanakwenda. Nikainuka nimshike bega, mkewe akanizuia kwa macho.

"Mwache, dada. Tangu siku ile hajalia."

Tukamwacha. Kuku walikuja wakaparura pembeni mwa iliki, hakuna aliyewafukuza. Alipotulia alijifuta kwa shati, akamgeukia mkewe.

"Mama, lile gazeti lililofungiwa sabuni lipo?"

Lilikuwepo. Barnaba alininyooshea mimi, na mikono yangu, kwa mazoea yake, ikalipokea na kuanza kulinyoosha. Nikasikia kama kiganja cha Bi Zuwena kimetua juu ya karatasi. Nikalirudisha.

"Kunja mwenyewe, Mzee Barnaba. Mimi nitakuelekeza."

"Sijui."

"Ndiyo maana nitakuelekeza."

Tulilitandika sakafuni. Nikamwambia akunje nusu, mkunjo ukae juu. Pembe hii ije katikati. Na ile nayo ije, zikutane, zisipishane. Zilipishana. Nikamwambia akunjue aanze tena, akaanza tena, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Pindo la chini lipande juu mbele. Geuza. Na la nyuma nalo lipande. Pitisha ukucha, usiogope kubonyeza, karatasi haiumii. Nimefundisha wengi kukunja, wanangu, na nawafundisha ninyi sasa kwa maandishi, lakini sijawahi kufundisha kwa woga vile.

Ilitoka imepinda, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Mkewe alisema imekwenda upogo. Barnaba akajibu na ikae hivyo hivyo. Ile ndogo ya kaki akaitia kwenye mfuko wa shati, ile ya gazeti akaiweka kichwani kwa mikono miwili. Kisha akachukua fimbo yake, akashuka barazani polepole, akaenda kusimama juani.